"Run" Si Kukimbia Tu

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba "run" ni kukimbia. Huonyeshwa picha ya mvulana aliyenyanyua mguu, huandika neno chini ya picha, na mwalimu humwekea alama ya vema. Maana hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatukupewa nyingine. Tukakua, tukaingia ofisini, tukaletewa mkataba ulioandikwa "This agreement runs until 30 June". Mgeni akatuuliza "Who runs this shop?" Mwenzetu wa meza ya pili akasema "We have run out of paper". Hapo pote hakuna anayekimbia, na mtu anaweza kuyajua maneno yote ya sentensi, moja baada ya jingine, asiielewe sentensi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, karani, mkalimani, mfasiri, na kila kijana anayewasomea wazazi wake barua na fomu za Kiingereza. Sitakupa orodha ya maana zote ili uzikariri, kwa kuwa hakuna awezaye. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na maana 430. Baadaye wahariri wa toleo la tatu walipofika kwenye "run", mhariri Peter Gilliver alilishughulikia kwa muda wa miezi 9 hivi, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba kitenzi hicho peke yake kimefikisha maana 645. Hata mzaliwa wa London hazijui zote kwa kichwa. Anachojua ni mahali pa kutazama katika sentensi, na hicho ndicho nitakachokuonyesha.

Kazi yenyewe unaiweza, kwa sababu umeifanya maisha yako yote kwa Kiswahili. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha maana hizo. Tunasikia kinachofuata baada ya "piga" na tunaelewa papo hapo. Sikio hilohilo ndilo la kulipeleka kwenye "run".

Kwanza, tazama ni nani au ni nini kinachotenda

Ukikutana na "run", rudi nyuma kidogo uangalie mtenda. Akiwa mtu au mnyama, na baada ya kitenzi hakuna jina la kitu, mara nyingi ni kukimbia kwenyewe. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia, waliotangaza kwa Kiingereza na waliotangaza kwa Kiswahili walikuwa wanasema jambo moja. Hapa huna shida.

Kikiwa kitu cha majimaji, fikiria kutiririka. Usiichukulie hii kuwa maana ya pembeni. Katika lugha za kale ambamo "run" ilizaliwa, kukimbia kwa mtu na kutiririka kwa maji vilibebwa na kitenzi kimoja, na Wajerumani mpaka leo wana "rinnen" kwa ajili ya maji yanayotiririka. Kwa hiyo "the river runs to the sea" ni mto unatiririka kwenda baharini. "The tap is running" ni bomba limeachwa wazi, maji yanatoka. "His nose is running" ni kamasi zinamtoka. Na ukiona kwenye kitambaa kipya maandishi "colours may run", ujue rangi inaweza kuchuja na kuingia katika nguo nyingine, hivyo kifue peke yake.

Hapo kwenye maji pana jambo la kuangalia sana. "Running water" ina maana mbili ambazo Kiswahili hakizichanganyi. Katika maelekezo ya afya, "wash your hands under running water" ni kunawa kwa maji tiririka, kama tulivyosisitiziwa sote mwaka 2020 wakati wa korona. Ndoo yenye bomba dogo inatosha, hata kama maji yenyewe yametekwa kisimani. Lakini katika tangazo la nyumba au ripoti ya maendeleo, "a house with running water" ni nyumba yenye maji ya bomba yaliyoingizwa ndani. Mfasiri anayeandika "kijiji hakina maji yanayotiririka" kuhusu kijiji kilicho kando ya mto amewaandikia wasomaji wake jambo lisilo la kweli.

Kikiwa mtambo, fikiria kufanya kazi. Maana hii ilipata nguvu enzi za viwanda na reli huko Uingereza, na ndiyo iliyolifanya neno hili liongezeke maana kwa kasi. "The engine is running" ni injini imewashwa, inaunguruma. "This car runs on diesel" ni gari hili linatumia dizeli. "The program is running" ni programu inafanya kazi. Kwa vyombo vya usafiri maana yake huhamia kwenye safari zenyewe: "the bus runs every half hour" ni basi hupita kila nusu saa, na "the ferry is not running today" ni kwamba leo kivuko hakifanyi safari. Msafiri anayedhani kivuko kimepunguza mwendo tu atasubiri gatini mpaka jioni.

Kikiwa kitu kirefu kilicholala, kama barabara, ukuta, waya au bomba, "run" inaeleza kimetoka wapi na kimeishia wapi. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga, na kwa Kiingereza habari hiyo huandikwa kwamba bomba hilo "runs" umbali huo. Usitafute kitenzi cha mwendo. Sema lina urefu wa, linaanzia, linapita, linaishia.

Kikiwa muda au shughuli yenye muda, maana yake ni kuendelea au kudumu. "The film runs for two hours" ni filamu ina urefu wa saa mbili. "The meeting ran over" ni kikao kilipitiliza muda.

Pili, tazama kama kuna kinachotendwa

Hapa ndipo Mswahili anapoweza kuielewa "run" kwa undani kuliko wanafunzi wengine wengi wa Kiingereza. Zile lugha za kale zilikuwa na vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti. Kimoja kilikuwa cha kitu kukimbia au kutiririka chenyewe, na cha pili kilikuwa cha mtu kukifanya kitu kikimbie au kitiririke. Karne zikapita, vitenzi hivyo vikachanganyika, na leo Kiingereza kina umbo moja linalofanya kazi zote mbili. Kiswahili hakikuipoteza tofauti hiyo. Tuna enda na endesha, kimbia na kimbiza, tiririka na tiririsha. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza kileleni Kilimanjaro Desemba 9, 1961, haukimbii wenyewe, hukimbizwa. Silabi moja mwishoni mwa kitenzi inatosha kutuambia nani anamfanyisha nani. Mwingereza hana silabi hiyo, kwa hiyo inabidi atazame kama baada ya "run" kuna jina la kitu.

Nawe fanya hivyohivyo. "Run" ikifuatwa moja kwa moja na jina, anza kwa kufikiria kitenzi chenye kutendesha. "She runs a pharmacy" ni anaendesha duka la dawa. "Run the program" ni endesha programu. Angalia kwamba kuendesha si kumiliki. Fomu ya mkopo ikiuliza "Who runs the business?", inamtaka msimamizi wa kila siku, hata kama mwenye mali ni mtu mwingine. Swali la umiliki huja kwa neno jingine, na ukijibu moja kwa jingine unaweza kujikuta umejiandika mmiliki wa duka la shemeji yako.

Mtego mkubwa kuliko yote uko hapa. Kwa Kiswahili tunasema "alikimbia nchi", yaani alitoroka akaenda uhamishoni. Ukiibeba sentensi hiyo neno kwa neno utaandika "he ran the country", na msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mtu huyo alikuwa mtawala wa nchi. Mkimbizi amekuwa rais. Katika maelezo ya maombi ya hifadhi, ambako ofisa anapima kila neno la mwombaji, kosa kama hilo linaweza kumharibia mtu shauri lake. Kwa kutoroka, andika "he fled the country", au "he ran away from the country" kama unataka kubaki na neno unalolijua.

Si kila kinachofuata "run" kinakubali "endesha". Gazeti likisemwa kwamba "ran the story", limechapisha habari hiyo. Maabara ikisema itafanya "run a test", itafanya kipimo. Dereva aliyefanya "run a red light" amepita taa nyekundu ikiwaka. "Run a risk" ni kujiweka hatarini, na "run errands" ni kwenda huku na huku kwa shughuli ndogondogo, kama mtu aliyetumwa dukani na posta. Mifano ya namna hii haina kanuni inayoishika yote. Ijifunze pamoja na jina lake, kama ulivyojifunza "piga pasi" pamoja na pasi yake.

Vineno vya baadaye

Kiingereza kina vineno vifupi kama "out", "over", "into", "down" na "up", ambavyo vikikaa baada ya kitenzi huibadilisha maana moja kwa moja. Wanafunzi wengi huviruka kwa sababu ni vidogo. Usiviruke.

"Run out" ni kuishiwa. Kiswahili hapa kinapenda kukifanya kitu chenyewe kiwe mtenda: "we have run out of sugar" ni sukari imetuishia. Ukisema "tumeishiwa sukari" pia ni sawa. Ila "run out" bila "of" inaweza kuwa kutoka mbio, kama watu waliotoka nje ya nyumba kwa tetemeko. Na "your visa runs out in March" ni viza yako itakwisha muda wake mwezi Machi. Hilo la mwisho lisome mara mbili.

"Run over" kwa gari ni kumgonga na kumkanyaga mtu. Kwa mazungumzo, "let's run over the figures" ni tuzipitie hesabu. Kwa sufuria au ndoo ni kufurika. Tazama mtenda ni nani, na maana itajitenga yenyewe.

"Run into" ina sura tatu za kawaida: kugonga kitu, kukutana na mtu bila kutarajia, na kupata shida. "I ran into your uncle" si kwamba nimemgonga mjomba wako. Nimekutana naye njiani. Kwa fedha, "the losses run into millions" ni hasara inafikia mamilioni.

"Run down" inahitaji utulivu. Betri ikiwa "run down", chaji imekwisha. Jengo likiwa "run-down", limechakaa. Mtu akisema "I feel run down", amechoka, mwili hauna nguvu. Na mtu anayependa kuwasema wenzake vibaya husemwa kwamba anafanya "run people down". Uzi unaounganisha yote hayo ni kushuka na kudhoofika, na ukiushika uzi huo utaelewa hata matumizi ambayo hujawahi kuyaona.

"Run up" upande wa pesa ni kulimbikiza: "he ran up a huge debt" ni amelimbikiza deni kubwa. Na "the run-up to the election" ni kipindi cha kuelekea uchaguzi.

Vingine ni vyepesi. "Run through" ni kupitia haraka, kama wachezaji wa igizo wanavyopitia sehemu zao kabla ya onyesho. "Run away" ni kutoroka. Bosi akikwambia "run it by me first", anataka umwonyeshe kwanza ili atoe maoni kabla hujaipeleka mbele.

Wakati mwingine baada ya "run" hakuna jina wala kineno, bali sifa ya hali. Hapo neno hili halina mwendo wowote. Linasema tu kwamba kitu kimo katika hali hiyo au kinaielekea. "The well ran dry" ni kisima kimekauka. "Supplies are running low" ni akiba inapungua. "I'm running late" ni ninachelewa kidogo, na hutumwa kwa simu hata na mtu ambaye amekaa tuli ndani ya teksi kwenye foleni.

Mahakamani na hospitalini usibahatishe

Maeneo haya mawili nimeyatenga kwa sababu kosa lake halifutiki kwa kuomba radhi.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za miaka ya nyuma ziko kwa Kiingereza, na huko Kenya na Uganda Kiingereza bado kina nafasi kubwa mahakamani. Ndugu za mfungwa hupewa karatasi na kumtafuta kijana aliyesoma awafafanulie. Kama mtu ametiwa hatiani kwa makosa mawili na kila kosa limepewa miaka mitano, tazama kwa makini neno linalofuata "run". Ikiwa imeandikwa kwamba vifungo "shall run concurrently", vinakwenda kwa pamoja, na mtu atatumikia miaka mitano. Ikiwa ni "shall run consecutively", vinafuatana, cha kwanza kikiisha ndipo cha pili kinaanza, na jumla ni miaka kumi. Maneno hayo mawili yanafanana kwa macho ya msomaji mwenye haraka. Tofauti yake ni miaka mitano ya maisha ya mtu.

Katika mambo ya rufaa na madai utakuta "time begins to run". Hapo muda unaanza kuhesabiwa. Tafuta palepale umeanza kuhesabiwa tangu lini: siku ya hukumu, siku ya kupewa nakala, au siku tukio lilipotokea. Kwa ardhi, kuna masharti yanayoelezwa kuwa "run with the land". Maana yake yanafungamana na ardhi yenyewe, si na mtu, hivyo atakayeinunua kesho anayarithi pamoja na kiwanja. Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zilijengwa juu ya msingi wa sheria za Uingereza, ndiyo maana misemo hii imo katika nyaraka zetu. Mnunuzi wa kiwanja aulize masharti hayo ni yapi kabla hajalipa.

Hospitalini, mfikirie mama anayezungumza Kiswahili cha Kongo aliyehamia Marekani, amempeleka mwanawe kwa daktari, na binti yake wa miaka 12 ndiye mkalimani. Daktari anaweza kuuliza kwa mfululizo: "Is he running a temperature? Is his nose running? Does asthma run in the family?" Maswali matatu, "run" tatu, na kila moja ina Kiswahili chake. La kwanza ni kama mtoto ana homa, joto la mwili limepanda. La pili ni kama kamasi zinamtoka. La tatu ni kama katika ukoo wenu kuna watu wenye pumu. Swali hilo la ukoo ndilo linalopotea mara nyingi, kwa sababu mtoto husikia "family" akadhani anaulizwa kuhusu walio nyumbani sasa hivi, naye akajibu hapana, wakati babu na shangazi waliobaki Uvira wote walikuwa na pumu. Ukiwa mkalimani, taja ukoo, taja wazazi, mabibi na mababu, wajomba na mashangazi.

Kuhusu tumbo, sisi tunasema "mtoto anaendesha" au "anaharisha", na katika Kiingereza cha Afrika Mashariki watu husema ana "running stomach". Muuguzi wa Mombasa au Kampala ataelewa mara moja. Kwa daktari aliyesomea na kufanya kazi nje ya Afrika, msemo huo unaweza kuwa mgeni kabisa. Mwambie "diarrhoea", kisha eleza ni mara ngapi kwa siku na kama kuna damu. Na daktari akitumia "run" ambayo hukuielewa, mwombe aseme upya kwa njia nyingine kabla hujatafsiri. Mkalimani mzuri huuliza, na mgonjwa ana haki ya kupata mkalimani anayeuliza.

Inapokuwa jina

"Run" ikitanguliwa na "a" au "the", imekuwa jina, na maana hutegemea uwanja unaozungumziwa.

Katika kriketi ni mkimbio, na mikimbio ndiyo inayohesabiwa. Mwaka 1996 mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia, Kenya iliishangaza dunia kwa kuishinda West Indies kwa mikimbio 73. Ukikuta "won by 73 runs", hayo ndiyo maelezo yake, na wala hayahusu mbio za riadha.

Katika benki, "a bank run" ni wateja kukimbilia kutoa fedha zao kwa pamoja kwa hofu kwamba benki itaanguka. Machi 9, 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake benki ikafungwa. Hapa Kiswahili kinasaidia kwa "kukimbilia", ambayo ina haraka na ina mahali watu wanapoelekea.

Katika maonyesho, ni muda ambao igizo linaendelea kuonyeshwa. Igizo la Agatha Christie liitwalo The Mousetrap lilianza London mwaka 1952 na "run" yake ndiyo ndefu kuliko zote. Lilisimama kwa muda wakati wa korona mwaka 2020 na kurejea mwaka uliofuata. Kwa wachapishaji, "print run" ni idadi ya nakala zilizochapwa kwa mkupuo mmoja. Kwa wafugaji, "chicken run" ni uwanja wa kuku uliozungushiwa wavu. "In the long run" ni baada ya muda mrefu, mwishowe. Na "four days running" ni siku nne mfululizo. Hii huwapotosha hata wasomaji wazuri, kwa kuwa "running" imekaa mwishoni kana kwamba kuna mtu alikimbia siku nne.

Katika siasa, Wamarekani hutumia "run for president" kwa kugombea urais, na Waingereza wamezoea zaidi "stand" kwa anayegombea ubunge. Magazeti yetu ya Kiingereza hutumia yote mawili. "Running mate" ni mgombea mwenza. Msemo huo ulitoka kwenye mbio za farasi, ambako farasi mmoja alipangwa kumwekea mwendo farasi mwingine wa zizi lilelile. "Run-off" ni duru ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47; asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura. Lakini ukikuta "run-off" kwenye ripoti ya kilimo au mazingira, ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama, mara nyingi yakibeba udongo na mbolea. Mshindi wa pili katika mashindano ni "runner-up", hata kama mashindano yalikuwa ya insha na hakuna aliyeinuka kitini.

Namna ya kujizoeza

Tafuta daftari dogo. Kila ukikutana na "run" katika gazeti, barua, maelezo ya dawa au mazungumzo, andika sentensi nzima, si neno peke yake. Chini yake jibu mambo mawili: ni nini kinachotenda, na ni nini kinachofuata. Kisha andika sentensi hiyo kwa Kiswahili ambacho ungemwambia mama yako, bila kutumia "kukimbia" isipokuwa kuna miguu inayokimbia kweli. Ukikwama, fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, lakini usichukue maana ya kwanza unayoiona. Shuka mpaka ukute mfano unaofanana na sentensi yako.

Ukiwa mwalimu, usiwape wanafunzi orodha. Wape sentensi kumi za "run" zilizotoka katika maisha yao, kama tangazo la basi, ujumbe wa simu, taarifa ya mpira na maelezo ya kliniki, na waache wabishane wao kwa wao kuhusu Kiswahili chake kabla hujasema lolote. Anza na gazeti la Kiingereza la leo. Tafuta "run" tano, na usilikunje mpaka zote tano uwe umeziandika kwa Kiswahili.